Panya aliyepewa sumu anafananaje na baba yangu mwenye Parkinson?

SWALI: Shikamoo dokta. Baba ana Parkinson mwaka wa 4 sasa, mkono wa kulia unatetemeka na usiku akitaka kugeuka kitandani mpaka asaidiwe. Juzi nimesikia eti watafiti wanawapa panya sumu ili waugue Parkinson halafu ndo wanajaribishia dawa. Kwa hiyo baba nae alikula sumu? Na panya wa kuumwa ndani ya siku chache anafananaje na mzee ambae ugonjwa umemwingia polepole?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana kwa kumuuguza mzee. Hapana, usiumie kufikiria baba alikula sumu, kwa wagonjwa wengi hatupati chanzo kimoja, ni umri, vinasaba na mazingira kwa pamoja. Ni kweli parakwati, ile dawa ya kuulia magugu, imehusishwa na hatari kuongezeka, ila huwezi kumwangalia mgonjwa mmoja ukasema basi yeye ni hiyo.

Habari ya sumu ilianzia kwa watu wala sio panya. Mwaka 1982 kule California, Marekani, vijana kadhaa walijidunga heroini bandia iliyoharibika wakati wa kutengenezwa, wakakakamaa kama sanamu, hata kuongea shida. Daktari William Langston na wenzake wakawapa levodopa, dawa ya Parkinson, wakaanza kusogea! Kufuatilia wakakuta kwenye ile heroini kuna kitu kinaitwa MPTP, wakachapisha mwaka 1983, na toka hapo maabara zikaanza kuitumia kwa wanyama.

Sasa MPTP yenyewe siyo muuaji. Ikifika ubongoni kuna kimeng'enya kinaitwa MAO-B kinaigeuza kuwa MPP+, na hiyo MPP+ inapita mlango uleule ambao seli za dopamini (kemikali ya ubongo inayosaidia mwili kusogea) zinautumia kurudisha dopamini ndani, ndo maana inazimaliza hizo na nyingine nyingi inaziacha, ikishaingia inakaba mitokondria, yaani vile vinu vya nguvu vya seli, seli inakosa nguvu inakufa. Na dopamini ndo imepungua kwa baba yako pia, kwa hiyo hapo panya na mzee wanakutana kabisa.

Sumu nyingine ni 6-OHDA, hii haivuki toka kwenye damu kwenda ubongoni so wanaidunga ubongoni moja kwa moja, mara nyingi upande mmoja tu, halafu panya akipewa amfetamini, dawa ya kusisimua ubongo, anazunguka zunguka kuelekea upande ulioumia, wanahesabu mizunguko. Kuna na kipimo cha nguzo, panya anawekwa juu kichwa kikitazama juu, wanapima sekunde anazotumia kugeuka na kushuka. Hapo kwenye kugeuka nilipokusoma nilimfikiria mzee wako.

Ila swali lako la pili ndo zito na uko sahihi. Panya wa MPTP anaharibika ndani ya siku chache, wengine wanarudisha mwendo wenyewe, na yale mabonge ya protini ya alfa-sinukleini tunayoyaona kwenye ubongo wa mgonjwa kwake kwa kawaida hayapo. Yaani anatuonyesha dopamini ikiisha mwili unakuwaje, hatuonyeshi kwa nini seli za mzee zinakufa taratibu miaka yote hiyo. Virutubisho viwili, koenzaimu Q10 na kreatini, zilikinga seli za panya hao vizuri tu, zikapelekwa kwa wagonjwa kwenye majaribio makubwa, zote mbili hazikupunguza kasi ya ugonjwa. Inaniuma sana maana familia nyingi zilisubiri kwa matumaini.

Kwa hiyo ukiuziwa kidonge kwa maneno kwamba kimeponya panya, usitoe hela yako. Levodopa ya mzee apewe kwa saa zake, isirukwe, na hiyo shida ya kugeuka usiku mwambieni daktari wake wazi wazi, maana mara nyingi ni dozi ya jioni imeisha nguvu kabla ya asubuhi na inaweza kupangwa upya.