Ranchi za harusi na miamba kwa njia moja

Kwa aliyeuliza kama kuna njia ya gari kutoka Austin, Texas, inayopita penye ranchi za harusi, yaani ranchi zenye kumbi za sherehe za harusi, na pia miamba isiyo ya kawaida, jibu ni barabara kuu ya 290 kuelekea magharibi. Utaanza na Dripping Springs, mji unaojitangaza kuwa makao makuu ya harusi ya Texas, ingawa ukiwa barabarani mara nyingi utaona malango na kuta za mawe ya chokaa tu, kwani kumbi zenyewe ziko ndani, nyuma ya mialoni.

Pitia Johnson City hadi Fredericksburg, kisha kata kulia uingie barabara ya 965. Baada ya kilomita 27 hivi utafika Enchanted Rock, kuba la graniti ya rangi ya waridi lenye umri wa takriban miaka bilioni moja, linaloinuka mita 130 hivi juu ya ardhi inayolizunguka. Graniti hiyo ilipoa chini kabisa ya ardhi, na mmomonyoko ulipoondoa uzito uliokuwa juu yake ikatanuka na kuanza kubanduka tabaka kwa tabaka kama kitunguu, ndiyo maana mteremkoni kuna mabamba makubwa yaliyokatika na kusimama upande. Kileleni usikanyage vidimbwi, hata vikiwa vikavu, kwa sababu vina mayai ya kamba wadogo yanayosubiri mvua.

Wikiendi weka nafasi mapema, kwa kuwa hifadhi ya Enchanted Rock ikijaa lango hufungwa.