Nimefanya novena tatu kuomba sofa, je nilikuwa namkosea Mungu?

Marahaba mwanangu, milele na amina.

Barua yako nimeisoma jana usiku na leo asubuhi tena. Wasomaji wengine niwaeleze kwa kifupi, huyu ni mama wa Newala, analima korosho na mume wake, na tangu mwaka jana kashafanya novena tatu, zile sala za siku tisa mfululizo, kuomba seti ya sofa. Jirani kapata, yeye bado. Halafu siku moja kwenye jumuiya, pale majirani wanaposali pamoja nyumba kwa nyumba kwa zamu, mzee mmoja akasema Mungu anajibu mahitaji, hajibu tamaa, basi tangu hapo anaogopa hata kufungua mdomo, anasema "mtoto akikohoa usiku nataka kumuombea nasita, najiuliza hii ni haja au ni tamaa yangu". Na kaniandikia maombi yake yote kwa mpangilio: sofa, tivii ya ukutani, godoro na sare za binti anaeenda kidato cha tano, salfa ile dawa ya kupulizia mikorosho, mwisho kabisa simtanki la kukingia maji ya mvua.

Mwanangu kwanza hilo la mtoto, muombee. Usiku huohuo. Mama akianza kupima kikohozi cha mwanae kwenye mizani kabla hajamwambia Mungu, hapo kuna mtu kamuumiza, na mimi limeniuma sana kulisoma, mana yule kipofu Bartimayo alipokuwa anapiga kelele pembeni ya barabara pale Yeriko watu walimwambia anyamaze, Yesu yeye alimuita akamuuliza unataka nikufanyie nini. Alimuuliza anachotaka! Kwaiyo kutaka sio dhambi na kumwambia Baba unachotaka sio dhambi.

Ila yule mzee hakukosea kila kitu, alikatiza tu njiani. Angalia Baba Yetu tunayosali kila siku, maombi yapo saba mle, na la vitu vya mwilini ni moja tu, mkate wetu wa kila siku, na tunauomba wa leo. Kwetu huku mkate ni ugali wa muhogo na kisamvu, unaelewa. Na kabla hujafika kwenye mkate umeshasema "utakalo lifanyike", yaani ukimwambia Mungu nataka sofa, umeshatangulia kumwambia "na wewe unalotaka lifanyike, hata kama ni tofauti na langu". Ukiweza kulisema hilo bila kinyongo ombi lako halina shida, liwe kubwa liwe dogo. Ukiona linakukwama kooni, hapo ndo pa kuangalia.

Sasa turudi kwenye orodha yako, mana mi nimeiangalia sana hiyo orodha. Simtanki umeliweka mwisho. Mwanangu wewe unakaa Newala, juu kule kwenye uwanda wa Makonde, unajua maji yalivyo, bibi zetu walishuka mabondeni na kupanda na mtungi kichwani na wewe umeniandikia unanunua maji kwa dumu. Hela ya korosho inaingia minada ikishaanza, kuanzia mwezi wa kumi huko, mvua inafuata nyuma yake, kwaiyo simtanki lina tarehe yake, likikosekana kabla ya mvua mwaka umekwisha. Godoro la binti lina tarehe, shule haimsubiri. Salfa nayo ina msimu wake ukipita maua yameharibika. Haja mara nyingi iko hivyo, ina siku yake na ina mtu ataeteseka isipotimia, na ina kipimo, ukishapata simtanki moja hulii la pili. Sofa lako halina tarehe. Lina jirani.

Lakini sikwambii ulifute, mana umeandika kamstari kadogo huko chini, kwamba zamu ya jumuiya ikija kwako watu wanakaa kwenye mkeka na mara ya mwisho wawili walibaki wamesimama nje, ukaona aibu mpaka ukashindwa kuongoza rozari. Hapo ndo niliposimama nikafikiri. Novena tatu zote mwanangu hujamwambia Mungu hilo, umemwambia sofa, wakati kinachokuuma ni kudharauliwa. Mwambie hicho chenyewe. Yule Hana wa kwenye Biblia, mama yake Samweli, alipokuwa anasali aliimwaga roho yake yote mpaka kuhani akadhani kalewa.

Na kitu kingine, usije ukasema nimenyimwa kwaiyo ilikuwa tamaa. Hapana! Mimi nimeuguza mama yangu wodini hospitali ya Ndanda wiki sita, nikaomba apone, na hiyo ilikuwa haja kabisa, hakupona. Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba uliokuwa mwilini mwake utolewe, haukutolewa. Mpaka leo sijui kwanini mama hakupona na sitaki mtu anipe jibu la haraka, najua tu kwamba kila usiku pale kitandani sikuwa peke yangu.

Kaa na baba watoto kabla minada haijaanza, hela haijafika mkononi, mkubaliane godoro, salfa na simtanki vinatoka kwanza, msisubiri muujiza kwa kitu ambacho hela yake mnayo. Msali pamoja juu ya hiyo hesabu. Sofa liache kwenye maombi kama lilivyo, ila lisogeze chini.

Na zamu yako ikija tandika mkeka, azima mwingine kwa jirani, huyohuyo mwenye sofa, halafu rozari uiongoze wewe.