Jumla ya zabibu inapotea nikiongeza usafiri

Mdogo wangu, umesema ukurasa wako wa kuuza zabibu za Hombolo unaonyesha jumla sawasawa, ila ukiongeza usafiri wa 2,000 hadi Area C jibu linabaki 2,000 tupu. PHP, lugha ya programu uliyoandikia ukurasa, haina kosa. Fanksheni yako (kile kipande cha msimbo kinachopiga hesabu) inamalizia kwa echo: inaandika jumla kwenye skrini, kisha inatoka mikono mitupu. Isiporudisha kitu inakupa null (yaani hakuna thamani), na null ukiijumlisha na 2,000 unapata 2,000 ileile. Badili hivi:

function jumla($kilo, $bei) {
  return $kilo * $bei;
}

echo jumla(5, 4000) + 2000;

Hapo utaona 22000.

Kuhusu $bei uliyoiweka juu ya faili kutoonekana ndani: fanksheni ya PHP haichungulii vigeu vya nje. Ipelekee kupitia mabano, kama hapo juu. (Waliotokea JavaScript hujikwaa sana hapa, maana kule vya nje vinaonekana.) Watakuwepo wa kukwambia tumia neno global ili fanksheni ione kigeu cha nje. Inakubali, lakini siku faili jingine likibadilisha bei utakesha ukimtafuta mchawi.

Mikato ya maelfu usiiweke ndani ya hesabu. Iachie number_format, fanksheni ya PHP ya kuweka mikato hiyo, wakati wa kuonyesha tu.