Usianze Mtwara mjini. Anza Mikindani, tena alfajiri

Mtoa mada, ushauri wa huyo mdau wa hapo juu usiufuate. Umesema una siku mbili, unapenda kutembea kwa miguu, unataka kuuona mji mkongwe wa Mtwara na historia yake, ukauliza ulale wapi, ule nini, kama inafaa kuvuka maji kwenda rasi ya Msangamkuu, na Lindi uone nini ukiwa unarudi. Yeye kakujibu ulale mjini, siku ya kwanza yote uzunguke mjini, na Mikindani "utapita jioni, nusu saa inatosha". Maneno hayo hayo niliambiwa mimi mwaka 2016. Nusu saa hiyo ilinikosesha kitu ambacho leo hata nikiwa na hela sikipati.

Mtwara mjini hakuna mji mkongwe. Mji mkongwe unaoutafuta ndio Mikindani, mji mdogo wa pwani jirani yake. Mji ule umezaliwa na karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuja na mradi wao mkubwa wa karanga, ukaanza 1947, na mashamba ya Nachingwea yakahitaji bandari yenye kina. Mikindani kina cha maji kilikuwa kifupi kwa meli kubwa. Ndipo wakaijenga Mtwara: gati, reli ya kwenda Nachingwea, na zile barabara pana walizochora wakitegemea mji mkubwa sana. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Zimebaki bandari na barabara. Ni historia, na mimi naiheshimu, lakini majengo yametawanyika na toka Shangani mpaka sokoni ni mwendo. Bajaji saa moja inakutosha. Ukiitembea mchana kwa miguu kivuli utakitafuta kwa tochi.

Sasa sikiliza yaliyonikuta.

Bibi mzaa mama wa mama yangu alizaliwa Mikindani. Mama kakulia Temeke, lakini toka utotoni anasikia habari ya nyumba ya mawe yenye mlango wa nakshi, karibu na msikiti, ambayo ukikaa barazani unaiona bahari. Hakuwahi kufika. Alipofikisha miaka 68 nikasema inatosha, nikachukua likizo, tukapanda basi Dar, kilomita zaidi ya 550, tukashuka Mtwara usiku amevimba miguu.

Pale tulipofikia kulikuwa na kijana anayejiita mwongoza wageni. Nikamweleza wazi kabisa: nimemleta mama aone kwao Mikindani, tuna siku moja, keshokutwa alfajiri tunarudi. Akasema msihangaike, tutaanza na mji mkongwe hapa hapa Mtwara, Mikindani ni padogo, tutapitia jioni jua likipoa. Elfu sitini, bajaji ya ndugu yake juu yangu. Nikatoa.

Jamani, yule kijana alituzungusha! Alituonyesha geti la bandari, ambalo kuingia haturuhusiwi. Akatuonyesha soko, akatuonyesha benki. Kila tukiuliza mji mkongwe uko wapi anasema "mbele kidogo". Saa sita mchana mama amejifunika kanga kichwani, kandambili zinamkwaruza, anakaa kwenye ukingo wa mtaro kupumua, na kijana yuko kwenye simu. Saa nane tukaenda kula, akatupeleka mahali pa rafiki yake, chakula kikachukua saa nzima na nusu. Sikuelewa wakati ule. Nikaja kuelewa baadaye kwamba Mikindani hakuijua: hakumjua mtu hata mmoja kule, hakujua nyumba hata moja. Alikuwa anatumaliza siku ili pale tufike tumechoka tusimuulize kitu. Mpaka leo nikimkumbuka roho inaniuma. Hela nimesamehe. Kumwona mzee wa watu amekaa kwenye mtaro na ukamdanganya bado, hilo sijalisamehe.

Mikindani tulifika saa kumi na moja na nusu. Ni kama kilomita 10 tu kutoka mjini, barabara hiyo hiyo ya kwenda Lindi. Mama alishuka akawa kama mtu mwingine. Ghuba ile ni ya duara, karibu inafunga kabisa, maji yamejaa mpaka kwenye mikoko na yametulia kama yamo kwenye sinia. Nyumba za mawe zimepangana kwenye vichochoro, nyingine zina roshani za mbao, nyingine hazina paa na mti umeota ndani sebuleni. Mama akaanza kuuliza watu. Mtu wa tatu alikuwa bibi mmoja kakaa barazani anachambua mchele. Mama akamwamkia shikamoo, bibi akaitikia, akamkazia macho, akamuuliza: "Wewe wa nani?"

Mama akataja jina la bibi yake na la baba wa bibi yake. Yule bibi akaweka ungo chini.

Nyumba aliijua. Akatupeleka kwa fimbo yake, polepole, kichochoro cha pili. Tulipofika giza lilikuwa linaingia, ulikuwa umesimama ukuta wa mbele na mwimo wa mlango, nakshi za mawaridi unazigusa kuliko kuziona. Mama aliweka kiganja ukutani, alipokitoa kimejaa chokaa. Nikawasha mwanga wa simu, na kwenye jiwe la tumbawe mkabala na mkono wake vikaonekana vile vialama kama nyota ndogo ndogo ambavyo mawe ya bahari huwa navyo. Bibi akasema: "Njooni asubuhi. Makaburi yenu yako kule juu, usiku huu hapaendeki, na kuna mzee mmoja mkutane naye, yeye ndiye anayejua habari zote."

Asubuhi saa kumi na mbili basi letu lilikuwa linaondoka. Tiketi nilishakata, likizo yangu ilikuwa inaisha, na mama mwenyewe ndiye aliyesema basi, tutarudi.

Hatukurudi. Magoti ya mama yalikataa kabisa safari ndefu. Nilikwenda peke yangu mwaka 2018, safari hii nikalala Mikindani, alfajiri nikatoka. Ukuta ulikuwa umeanguka kwenye masika ya mwaka huo. Nyumba zile zimejengwa kwa matumbawe, chokaa na udongo, na boriti za mikoko zikibeba dari. Paa likiwapo zinakaa miaka na miaka. Paa likiondoka, mvua inaingia juu ya ukuta, inalainisha udongo wa katikati, boriti zinaoza, halafu siku moja upande mzima unalala. Mwimo wa mlango sikuukuta. Yule mzee alikuwa ameshafariki. Bibi wa barazani nilimkuta, akanipeleka makaburini, nikasoma fatiha, nikapiga picha ya lundo la mawe nikampelekea mama. Aliitazama muda mrefu, akaniuliza mlango ulikuwa umeelekea wapi.

Kwa hiyo mkuu, nakuomba. Siku ya kwanza yote iwe ya Mikindani. Lala kule kule ukiweza, na saa kumi na mbili asubuhi uwe tayari umetoka. Asubuhi wazee wako barazani na wana nafasi ya kuongea, mwanga unaingia kwenye nakshi za milango, na ukibahatisha siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, ikifika saa nne maji yamepwa mbali na utawakuta akina mama wanaokota kombe kwenye tope.

Ingia vichochoroni kwanza. Usikimbilie Boma. Boma lenyewe ni la Wajerumani, la 1895, limekarabatiwa na kufanywa hoteli, limesimama jeupe pale juu na utaliona tu. Panda baadaye, uitazame ghuba kutoka mnarani. Utapita jengo wanaloliita soko la watumwa, na pale usipite haraka, maana misafara kutoka bara, upande wa Ziwa Nyasa, ilikuwa ikiishia kwenye pwani hii. Kuna pia nyumba yenye kibao cha Livingstone, yule mmisionari mpelelezi, kwamba inasadikiwa alikaa hapo. Kwamba alishukia Mikindani mwaka 1866, akaanzia hapo safari yake ya mwisho ya kwenda bara, hilo halina ubishi. Lakini wageni wengi wanapiga picha kibao wanaondoka, na nyumba ya jirani, ya watu wa hapo hapo, inaanguka wakiwa wameipa mgongo.

Usikodi mtu kabla hujafika. Mtu atakayekuambia aanze na wewe Mtwara mjini, muulize anamjua mzee gani Mikindani. Akibabaika, achana naye.

Msangamkuu vuka siku ya pili kama utabaki na muda. Lindi ndiyo iliyokuwa makao makuu ya jimbo la kusini kabla ya Mtwara, na ndiko ilikopakiwa melini mifupa ya dinosaria, wale mijusi wakubwa wa kale wa Tendaguru, iliyochimbwa 1909 hadi 1913, imebebwa na wapagazi kwa miguu mpaka pwani. Hiyo iwekee safari yake. Chakula ukiona ming'oko, vile viazi vya porini vya kusini, imechemshwa, kula.

Na tiketi ya kurudi usikate mapema kama nilivyofanya mimi. Ukipita kwenye milango iliyobaki ipige picha, mmoja mmoja, uziweke humu kwenye uzi. Mama yupo, simu anayo, atataka kuiona.