Dai mshahara wako kwa barua, si kwa mdomo

Mkataba wangu wa kwanza wa mpira niliusaini juu ya siti ya bodaboda, nje ya Uwanja wa Nyamagana, Mwanza. Katibu wa klabu alikuwa na haraka. Karatasi zilikuwa tatu, upepo wa ziwa unazipeperusha, nikazibana kwa kiwiko nikatia saini. Akazikunja, akazitia kwenye bahasha ya kaki na kuondoka nazo. Sikubaki na nakala hata moja.

Mshahara uliingia miezi mitatu, kisha zikaanza kauli za "subiri mapato ya mlangoni" na "mdhamini kachelewa". Ikafika miezi minne bila mshahara. Kila nikimfuata katibu nilidai kwa mdomo, naye ananijibu kwa mdomo: "Vumilia, mdogo wangu." Msimu ulipoisha nikaachwa, na sikuwa na karatasi ya kupeleka popote.

Kipa wetu, kaka aliyenizidi umri, alilipwa. Kila mwezi uliopita bila mshahara aliandika barua fupi: mwezi gani, kiasi gani, mwisho wa kulipa lini. Alipeleka nakala mbili, moja anaiacha ofisini, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Sisi tulimwona msumbufu.

Mdogo wangu unayeanza, fanya kama kipa yule. Kanuni za FIFA, tangu 2018, zinampa mchezaji haki ya kuvunja mkataba klabu isipomlipa mishahara ya miezi miwili, lakini lazima kwanza aidai kwa maandishi na kuipa klabu siku zisizopungua 15 za kulipa. Soma hapo tena: kwa maandishi. Ukitoroka kambini kwa hasira kabla ya barua, klabu itakugeuzia kibao na kukuita mtoro, na kesi itaanza wewe ukiwa na kosa. Na fedha ya usajili ukiahidiwa kwa mafungu, kila fungu liandikiwe tarehe yake.

La pili, msidai mmoja mmoja. Agosti 2011 wachezaji wa Hispania waligoma na raundi ya kwanza ya La Liga ikaahirishwa. Wenye majina makubwa walikuwa wanalipwa vizuri, ila walisimama na wenzao wa klabu ndogo waliokuwa hawajapata mishahara. Uingereza nako, hadi 1961 hakuna mchezaji aliyeruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni 20 kwa wiki; kikomo hicho kiliondoka baada ya chama chao, chini ya Jimmy Hill, kutishia mgomo. Inaniuma sana nikisikia mtu anasema wachezaji wakigoma ni tamaa. Sisi tulikuwa 25 kambini, wote tunadai, na kila mmoja alikwenda ofisini kwa siri akitumaini atalipwa yeye kwanza. Chama cha wachezaji tunacho, SPUTANZA. Jiunge kabla hujapata tatizo.

Wiki iliyopita kijana mmoja alinifuata Mwaloni, Kirumba, ninapouza dagaa, akaniomba nimsomee mkataba wake. Ukurasa wa pili, kwenye mshahara, palikuwa na nukta tupu, na chini yake saini ya kiongozi na muhuri wa klabu vimeshawekwa. Yeye alikuwa bado hajasaini. Nikafunga mzigo, tukaenda wote kuurudisha ujazwe.