Maswali na Majibu: Kwa meli hadi magofu ya Wagiriki na Warumi, hesabu saa za nchi kavu

Ratiba ya meli yetu inasema "Roma" siku ya tatu. Tutatia nanga karibu na Colosseum?

Swali hili linakuja kila msimu, na jibu liko kwenye ramani yoyote. Roma haina bandari ya meli kubwa. Mtashukia Civitavecchia, kilomita 80 hivi kutoka mjini. "Florence" ya kwenye ratiba ni Livorno, "Athens" ni Piraeus, na "Olympia" ni Katakolo. Kampuni huandika jina linalouza.

Piga hesabu kabla ya kulipa. Meli ikifunga gati saa 1 asubuhi, abiria wengi hushuka kama saa 2. Kuna basi la kuwatoa bandarini, kutembea hadi stesheni, kusubiri treni, kisha zaidi ya saa nzima njiani. Kufika Colosseum saa 4 na nusu ni kufika vizuri. Meli ikiondoka saa 1 jioni, nawe unatakiwa uwe ndani mapema kuliko hapo, basi saa 9 alasiri uwe unaelekea stesheni. Mmebakiwa na saa nne na nusu. Zinatosha Colosseum na Forum (uwanja mkuu wa Roma ya kale), ambazo tiketi yake ni moja, pamoja na mlo wa haraka. Hapo usiongeze Vatican, maana utaishia kuona foleni mbili.

Tiketi ya Colosseum ina jina lako na saa ya kuingia. Inunue mapema na ubebe pasipoti au kitambulisho kinachofanana nayo herufi kwa herufi.

Ushauri ambao hukuuliza: acha kuchagua meli kwa bwawa la kuogelea. Andika bandari zote, umbali wa kila gofu na saa za kukaa, kisha linganisha. Meli yenye bandari nne na siku nzima kila moja ni bora kuliko yenye bandari saba za nusu siku.

Mwezi gani ni mzuri?

Aprili, Mei, mwisho wa Septemba na Oktoba. Joto la Julai na Agosti si la kuchezea: siku za joto kali Acropolis, magofu ya kilimani mjini Athens, imekuwa ikifungwa kuanzia saa 6 mchana hadi saa 11 jioni, na meli haitakungoja ifunguliwe.

Nina pasipoti ya Tanzania na viza ya Schengen ya kuingia mara moja. Meli inaanzia Piraeus, inapita Kuşadası na kurudi Ugiriki. Kuna shida?

Ipo. Kuşadası, bandari ya kwendea Ephesus, ni Uturuki, nje ya Schengen (nchi za Ulaya zenye viza moja). Ukitoka, viza yako imekwisha, na huenda ukazuiwa hata kupanda meli siku ya kwanza. Omba viza ya kuingia mara nyingi na uambatanishe ratiba nzima ya meli. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Mwisho ni siku 15 kabla, lakini usisubiri hadi hapo. Bima ya matibabu iwe ya angalau euro 30,000. Kuhusu kushuka Uturuki, iulize kampuni ya meli ikujibu kwa maandishi, kwa pasipoti yako wewe, si ya Mwingereza mliyekaa naye meza moja.

Napoli tuna nusu siku tu. Pompeii?

Nendeni Herculaneum, mji jirani wa Warumi uliofukiwa na volkano ile ile. Najua kila mtu anataka jina kubwa, lakini Pompeii ina ukubwa wa hekta 66, na kwa saa mbili utatembea barabara za mawe juani ukitafuta kivuli. Tiketi zake nazo zina majina, na ukomo ni watu 20,000 kwa siku.

Herculaneum ni ndogo, na imehifadhika kwa namna nyingine kabisa. Mwaka 79 baada ya Kristo, volkano ya Vesuvius ilipolipuka, Pompeii ilinyeshewa mawe mepesi ya volkano kwa saa nyingi hadi mapaa yakaporomoka. Herculaneum ilivamiwa na wimbi la gesi na majivu ya moto, likageuza mbao kuwa makaa bila kuziteketeza, kisha likaufukia mji kwa kina cha mita 20 hivi. Ndiyo maana utakuta ghorofa za juu bado zimesimama, na katika nyumba moja kizuizi cha mbao cha kukunja, cheusi tii, bado kiko mahali pake kati ya ukumbi na chumba cha ndani. Chini, kwenye vibanda vya mashua ufukweni, walikutwa watu wapatao 300 waliokuwa wakingoja kuokolewa. Nenda pale taratibu.

Panda treni ya Circumvesuviana kutoka stesheni ya Garibaldi mjini Napoli, dakika 20 hivi, ushuke Ercolano Scavi, kisha teremka na barabara iliyonyooka dakika kumi. Begi liwe mbele ya kifua. Vibaka wa treni ile hawapumziki.

Mama ana miaka 71 na magoti yanamsumbua. Ephesus ataiweza?

Ataiweza akiingilia lango la juu na kutokea la chini, maana njia yote ni mteremko. Mwambieni dereva hivyo kabla ya kuondoka. Marumaru imesuguliwa na miguu ya karne nyingi na inateleza hata ikiwa kavu, kwa hiyo avae viatu vya raba, si ndala. Nyumba za mtelemkoni zina ngazi nyingi. Awasubiri kivulini karibu na maktaba ya Celsus. Acropolis ina lifti ya wasioweza kupanda. Kisiwani Santorini apande gari la kebo, wala msimpakie punda.

Naweza kuokota kijiwe cha ukumbusho?

Hapana. Ugiriki, Italia na Uturuki, hilo ni kosa la jinai.

Tukichelewa, meli itatusubiri?

Inasubiri safari zilizouzwa na meli yenyewe. Ukienda kivyako itaondoka, na gharama ya kuifuata bandari inayofuata ni yako. Angalia saa pia: Italia iko nyuma ya Ugiriki kwa saa moja, simu hubadilika yenyewe, na saa ya meli huenda isibadilike. Kila asubuhi piga picha tangazo la saa ya mwisho kurudi, pamoja na simu ya wakala wa bandari iliyo kwenye karatasi ya siku. Ukiachwa, mtafute wakala huyo kwanza. Kama pasipoti yako ilikuwa melini, mara nyingi ndiye hukabidhiwa.