Maua ya Ndani: Udongo Umelowa, Majani Yananyauka

SWALI: Ua langu la sebuleni nalimwagilia kila asubuhi, maana ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Sasa majani ya chini yamekuwa ya njano na shina limelegea. Nikiongeza maji, hali inazidi. Chungu nilikitandika kokoto chini. Nakosea wapi?

JIBU: Maji ndiyo yanayoliua. Mizizi hupumua hewa iliyo kati ya chembe za udongo. Nafasi hizo zikijaa maji kila siku, mizizi hukosa oksijeni, huoza, na ikishaoza hainyonyi tena. Hapo jani hunyauka udongo ukiwa umelowa, na mwenye ua, akidhani ni kiu, huliongezea maji.

Ling'oe leo. Mzizi mzima ni mweupe na mkakamavu. Uliooza ni wa kahawia, unateleza, na ukiuvuta kwa vidole ganda huchomoka ukabaki uzi mwembamba. Iliyooza yote ikate kwa mkasi uliopanguswa kwa spiriti, na udongo wa zamani utupe. Changanya udongo sehemu mbili, mboji moja na mchanga wa chembe kubwa moja. Chungu kiwe na matundu, na kisiizidi mizizi iliyobaki kwa zaidi ya sentimita 3 hivi, la sivyo kitashika maji yasiyo na wa kuyanywa. Kokoto achana nazo, ingawa wengi huziamini: maji hayashuki kirahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto. Hutuama juu yake, karibu zaidi na mizizi.

Baada ya hapo, chomeka kidole kama sentimita 4. Kikitoka na udongo mbichi, ngoja. Kikitoka kikavu, mwagilia taratibu mpaka maji yatokee chini, na baada ya nusu saa mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Mbolea isubiri jani jipya, kwani huunguza mizizi yenye vidonda.

Asubuhi yako usiiache. Pangusa vumbi, geuza kila jani utazame mgongoni, ambako utitiri hufuma tando zake. Ni raha ileile, na ua linafaidika.

SWALI: Jani la ua linalotambaa nimeliweka kwenye glasi ya maji wiki tatu. Mbona halichipui?

JIBU: Huenda ulikata jani na kikonyo tu. Chipukizi hutoka kwenye kifundo, pale jani linapoungana na shina. Kata shina sentimita 1 chini ya kifundo, ondoa majani yatakayozama, na badili maji kila baada ya siku 3 au 4. Mizizi ikifika sentimita 3 hadi 5, panda.